Meli inaondoka Jumamosi, mtoto ana homa

Jumatano, zimebaki siku tatu

Simu kutoka kituo anacholelewa mtoto iliita saa nane mchana, nikiwa kazini. Kitindamimba wetu, wa miezi 19, ana joto la nyuzi 38.7, amekataa chakula, akilazwa analia. Nikaaga, nikawasha gari, na njia nzima nilikuwa na neno moja kichwani: Jumamosi.

Jumamosi saa kumi jioni meli yetu ilikuwa ing'oe nanga Galveston, hapa Texas, Marekani. Safari ya siku sita, wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani, ambayo shule za Houston zimefungwa: Cozumel, kisha Progreso, kote ni Meksiko, halafu kurudi. Tulikuwa watu watano, yaani mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka saba, kitindamimba, na Mama yangu aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Safari ilikuwa ya Mama. Alikuwa ametimiza miaka 70. Kaka zangu wa Dar es Salaam na dada yetu aliye Muscat walichanga, sisi wa hapa tukamalizia. Na wiki moja baada ya kurudi, ndege ilikuwa imchukue Mama nyumbani. Hapakuwa na kusema tutaenda mwezi ujao.

Nilipoingia ndani Mama alimpokea mtoto, akamwekea mgongo wa mkono shingoni kabla sijatoa kipimajoto. "Huyu ni sikio," akasema. "Tazama anavyolivuta." Mama ameuguza watu kwenye zahanati za Muheza na Tanga mjini zaidi ya miaka 30. Siku hiyo niliomba awe amekosea.

Usiku tulimpa paracetamol ya maji, tukamwacha na fulana nyepesi, tukalala kwa zamu.

Alhamisi

Mama hakukosea. Daktari wa watoto alimulika sikio la kulia na kusema ngoma ya sikio imevimba na imekuwa nyekundu. Akaandika amoxicillin, mara mbili kwa siku, siku kumi, kwa kuwa mtoto hajafika miaka miwili. Nikamuuliza kuhusu meli. Akanijibu bila kuzunguka: uvimbe wa sikio wenyewe hauambukizi, ila mafua yaliyouleta yanaambukiza. Akikaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa, akinywa vizuri na kukojoa vizuri, yeye hana kizuizi. Akaniandikia barua ya kusema hivyo.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilipofika kwenye gari ndipo nikaelewa kwamba barua ile ilikuwa imefunga mlango mwingine. Bima yetu ya safari ni ile ya kawaida: inarudisha fedha iwapo daktari ataandika kwamba msafiri hafai kusafiri. Wetu alikuwa ameandika kinyume. Ipo bima nyingine inayokuruhusu kuvunja safari kwa sababu yoyote ile na kurudishiwa nusu hadi robo tatu ya fedha zako, lakini hiyo kwa kawaida hununuliwa ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza. Sisi tulilipa kishika nafasi mwezi wa sita, bima tukaikumbuka mwezi wa tisa. Na meli nayo, zikishabaki siku chache namna ile, tungerudishiwa kodi na ada za bandari tu. Kwa hiyo tungebaki nyumbani kwa hiari yetu, na michango ya ndugu ingekwenda na maji.

Jioni tukakaa mezani. Mume wangu ni mtu wa Mombasa na kwa mkwewe hapandishi sauti, lakini hesabu aliitoa wazi. Nikasema basi mimi nibaki na mgonjwa, wao watatu waende. Mama akakataa hata kulifikiria. "Mimi sipandi meli nikuache na mtoto anayechemka."

Kisha akanihadithia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia nusunusu tangu utotoni. Nikiwa na mwaka mmoja, Baba akifanya kazi Wete, nilipata surua mbaya, na Mama alinivusha Mkondo wa Pemba ndani ya jahazi usiku kucha hadi Tanga. "Lakini mimi nilikuwa nakupeleka hospitali," akasema. "Ukifuata dawa, bahari unaivuka hata kwa mtumbwi. Ukienda matembezi unakaa kwanza, unajiuliza. Usiku wa manane akizidiwa, tutakuwa wapi, tuna nini mkononi, na tutarudije?"

Mpaka hapo sote tulikuwa tunaulizana kama mtoto ataiweza safari. Swali la Mama lilikuwa zito zaidi, na nilianza kulijibu kwa kalamu. Tutakuwa wapi: usiku wa kwanza na wa pili tuko katikati ya Ghuba ya Meksiko, maana kutoka Galveston hadi Cozumel ni zaidi ya kilomita 1,200. Tuna nini: meli kubwa kama ile ina zahanati, daktari na wauguzi, na mtu wa zamu saa zote. Lakini zahanati si hospitali. Haina wodi ya watoto, na hali ikizidi, ni kungoja bandari, au helikopta kama meli iko karibu vya kutosha na hewa imetulia. Tutarudije: hapo niliandika "na meli", nikafunga daftari. Jibu lile lilikuja kutugharimu.

Ijumaa

Dozi ya mwisho ya paracetamol alikunywa Alhamisi saa tatu usiku. Kuanzia hapo nilikuwa nahesabu saa kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi. Asubuhi 37.2. Mchana 37.0, akala ndizi nzima na kumfukuza dada yake sebuleni. Saa tatu usiku saa 24 zilitimia. Nilitamani kupiga vigelegele, Mama akaniambia nifunge mizigo.

Wenye watoto wadogo huniuliza nilibeba nini, basi naandika. Chupa ya amoxicillin, ambayo ni bora ikae kwenye baridi, niliiweka kwenye mfuko wa barafu na nikapiga simu kuhakikisha chumba kina friji linalopoza kweli, maana kuna ya vyumbani yanayoishia kupoesha soda tu. Paracetamol na ibuprofen za watoto. Sindano tatu za plastiki za kupimia dawa, kwa sababu moja hupotea na nyingine hudondoka chooni. Vipimajoto viwili. Nepi mara mbili ya hesabu. Vyote hivi kwenye begi la mkononi, kwa kuwa mabegi makubwa huchukuliwa gatini na kufika chumbani saa kadhaa baadaye. Mama aliongeza pakiti kumi za ORS alizokuja nazo kutoka Tanga, za kuchanganya na lita moja ya maji kila moja. Kisha akatoa kwenye begi letu dawa ya watu wazima ya kuzuia kuharisha, akaiweka juu ya kabati. "Hii hapewi mtoto. Isiwepo hata karibu."

Ikabaki fomu ya afya ya kujaza kwenye simu. Iliuliza kama katika siku tatu zilizopita yupo yeyote kati yetu aliyekuwa na homa, kutapika au kuharisha. Mume wangu ndiye aliyeshika simu. Kidole kilisimama juu ya "Hapana". "Homa imekwisha," akasema, "na daktari ameruhusu."

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakumtazama mkwewe usoni. "Baba," akasema taratibu, "zahanati yangu ilikuwa na benchi moja la watoto. Akija mmoja na surua, mama yake akanificha, wiki ya pili nilikuwa na kumi."

Mume wangu akabonyeza "Ndiyo".

Jumamosi, Galveston

Kutoka kwetu hadi Galveston ni mwendo wa kama kilomita 80, barabara moja ya kusini, mpaka daraja refu linalokuvusha hadi kisiwani. Ndege aina ya mwari walikuwa wamejipanga juu ya nguzo za gati. Mama aliwataja kwa jina kabla mjukuu wake hajauliza.

Ile "Ndiyo" yetu ilitutoa kwenye foleni. Tulipelekwa kwenye meza ya pembeni ambako muuguzi alimpima mtoto joto kwenye paji, 36.8, akasoma barua ya daktari, akauliza saa ya dozi ya mwisho ya dawa ya homa, akauliza mara mbili kuhusu kuharisha. Mbele yetu palikuwa na mama kijana mwenye mtoto aliyemlalia begani, mashavu mekundu. Waliongea naye kwa upole na kwa muda mrefu, kisha nikamwona akivuta begi lake kurudi mlangoni, akilifuta jicho kwa mkono ule ule ulioshika kiatu cha mtoto. Sikumjua, lakini nilimwombea.

Sisi tukapewa ruhusa, na sharti: homa ikirudi, au akiharisha, tupige simu zahanati kabla ya kutoka chumbani.

Meli iliondoka saa kumi na nusu. Mama alishika ukingo wa sitaha kwa mikono miwili, mtandio wake ukipepea, akitazama pomboo waliokuwa wakiruka kwenye mkondo wa bandari. Hakusema neno mpaka ardhi ilipozama. Kisha akasema, "Baba yako angelipenda hili."

Jumapili, baharini

Asubuhi ilikuwa njema mno. Binti yetu alikwenda kwenye bwawa, kitindamimba akalia kumfuata, na ikabidi nimshike. Meli zinazopita bandari za Marekani haziruhusu mtoto wa nepi kwenye mabwawa ya kawaida, hata avae nepi ya kuogelea, kwa sababu ya vijidudu vya kinyesi. Nilimkalisha kwenye beseni la bafuni na vikombe viwili vya plastiki, akaridhika.

Saa tano akatoa choo laini. Saa tisa, kingine, cha maji. Nilijiambia ni dawa, maana amoxicillin hufanya hivyo kwa watoto wengi. Mama akaniambia pia ni dawa, lakini alikuwa ameshafungua pakiti ya ORS. Jioni tukabaki naye chumbani, tukaletewa chakula.

Saa nane na robo usiku niliamshwa na joto. Nalisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alikuwa amelala ubavuni kwangu na joto lake lilipita kwenye nguo yangu ya kulalia kama pasi. Nyuzi 39.4. Nepi ilikuwa na choo cha tatu. Meli ilikuwa inayumba polepole, hanga za kabatini zikigongana, na mwanangu akaanza kutetemeka, mikono, kidevu, magoti.

"Mama," nikasema. "Mama, degedege."

Mama alikuwa ameshashuka kitandani. Alimshika uso kwa viganja viwili, akaita jina lake, akasogeza kichwa chake mwenyewe kushoto, kisha kulia. Macho ya mtoto yakamfuata. "Hapana," akasema. "Ananitazama. Wa degedege hakutazami. Hii ni baridi ya homa. Mvue, mpe dawa, tushuke."

Nimekulia pwani, na neno lile lina uzito wake. Kwetu wapo wanaoamini kwamba degedege ni dege, ndege wa usiku ambaye kivuli chake humwangukia mtoto, na kwamba ukimpeleka hospitali akachomwa sindano atakufa. Mama alipigana na imani hiyo maisha yake yote ya kazi, kwa kuwa nyuma ya degedege mara nyingi ilikuwa malaria, na watoto walimfikia wakiwa wameshazungushwa kwa waganga siku mbili. Baadaye alinieleza ambacho kila mzazi anapaswa kukijua kabla ya safari yoyote: mtukutiko wa homa huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100 walio kati ya miezi sita na miaka mitano, mara nyingi huisha ndani ya dakika chache na hauachi madhara. Unamlaza ubavu, humtii kitu mdomoni, unatazama saa. Ukipita dakika tano, ni dharura. Lakini usiku ule, katikati ya maji, maarifa yote yalikuwa upande mmoja na mikono yangu upande mwingine.

Zahanati ilikuwa sitaha ya chini, ambako unaisikia injini kwa nyayo. Muuguzi wa zamu alimwita daktari, mwanamke kutoka Afrika Kusini, akafika nywele zikiwa hazijachanwa na sauti yake imetulia. Alimulika masikio, akasikiliza kifua, akambana kidole kupima oksijeni: 97. Alimfinya ngozi ya tumbo kidogo kuona inarudi upesi. Akauliza nepi ya mkojo ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama akilia anatoa machozi. Alikuwa anatoa machozi, tena mengi. Nilishukuru kila chozi.

Sikio halikuwa limezidi. Alidhani ni kirusi kipya juu ya ule uvimbe, na tumbo huenda ni dawa. "Huenda," akarudia. Meli haiwezi kuendeshwa kwa huenda. Choo laini au cha maji mara tatu ndani ya saa 24 kinahesabiwa kuwa ugonjwa wa tumbo, hakiulizwi chanzo, kwa sababu norovirusi huanza vivyo hivyo na meli ni nyumba moja ya maelfu ya watu. Wasafiri na wafanyakazi wote wanaougua hivyo huandikwa, na ikifika asilimia 2 ya wasafiri au ya wafanyakazi, taarifa maalumu hupelekwa serikalini, kwenye CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Tuliambiwa mtoto abaki chumbani mpaka zipite saa 24 bila choo cha maji, na anayemhudumia abaki naye. Tuoshe mikono kwa maji na sabuni, tusitegemee ile dawa ya kupaka mikononi, maana norovirusi haiogopi.

Sikulipinga hata neno moja. Nilifikiria benchi la Mama.

Jumatatu, Cozumel

Asubuhi homa 38.1. Kisiwa kikatokea dirishani, maji ya rangi ambazo sijui nizitajeje, na mimi na mume wangu tukakaa ukingoni mwa kitanda kujadili upya tulichodhani tumeshakiamua Alhamisi. Twende mbele, au tushuke hapa na kuruka nyumbani? Kutoka Cozumel zipo ndege za Houston, saa mbili na dakika angani, na jioni hiyo hiyo tungekuwa kwa daktari wetu.

Hapo ndipo tulipofungua mfuko wa nyaraka. Mimi na mume wangu tulikuwa na pasi zetu na kadi za ukaazi. Mama alikuwa na pasi yenye viza ya Marekani, ambayo Meksiko huikubali. Binti yetu alikuwa na pasi ya Marekani. Kitindamimba alikuwa na cheti cha kuzaliwa.

Kwa safari ya meli inayoanza na kumalizikia bandari ile ile ya Marekani, cheti kinatosha kwa raia, hasa mtoto. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo ilivyo. Lakini cheti hakimpandishi mtu ndege kutoka Meksiko kwenda Marekani. Ili turuke ilibidi twende kwanza ubalozi mdogo wa Marekani kuomba pasi ya dharura, na mtoto ana nyuzi 38 na anaharisha. Pasi ya mtoto ni dola 135. Tulikuwa tumeiacha kwa sababu anakua haraka na inadumu miaka mitano tu. Swali la tatu la Mama, tutarudije, nilikuwa nimelijibu kwa maneno mawili.

Nilimpigia daktari wa meli. Akamwona tena, akasema kwa hali ya mtoto asubuhi hiyo yeye asingetushusha: anakunywa, anakojoa, sikio linatibiwa, na kesho pia tuko bandarini. Angekuwa na kifua kinachovuta, au hakojoi, au homa hailegei kwa dawa, angesema tushuke hata bila pasi, hospitali ya kisiwani ingempokea. Kwa hiyo tulibaki, kwa ushauri wa daktari. Lakini nilijua kwamba tungebaki hata kama nisingetaka, na hilo liliniuma.

Mama alitaka abaki yeye chumbani. Nilimkatalia, na katika maisha yangu nimemkatalia Mama mara chache. Nilimwambia kwamba dada yangu wa Muscat amechangia tiketi hii ili miguu yake yeye Mama ikanyage pale. Akaenda na mume wangu na mjukuu wake, saa tatu nzima. Mimi nilibaki na kikombe na kijiko, ORS kidogo kidogo, kijiko kila dakika mbili, nusu kikombe kila baada ya choo. Tulipiga hesabu ya boti zote zilizopita dirishani kwa neno lake moja: "Oto. Oto."

Mama alirudi na mfuko wa plastiki. Nazi, iliyokatwa vipande, imenyunyiziwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Akakaa sakafuni kunisimulia: muuza madafu anavyolishika dafu kiganjani, panga fupi, mapigo matano, anakupa maji unywe, kisha anakuomba dafu lako tena, analipasua, anakukwangulia nyama na kukuuliza kwa kidole, pilipili? "Wanaila nazi kama sisi tunavyokula embe bichi," akasema, na macho yake yaling'aa kama ya mtoto. Tulikula ile nazi yote, sisi wawili, mgonjwa amelala kati yetu. Pilipili ilinitoa machozi na sikuyazuia.

Jumanne, Progreso

Homa 37.4. Choo kimoja, kizito. Bahari ya Progreso ina kina kifupi mno, hivyo gati lao limeingia baharini kilomita 6.5, na wasafiri hupelekwa mjini kwa basi. Mimi sikushuka. Nililala saa nne mfululizo huku mume wangu akiwa na mtoto. Jioni muuguzi alipiga simu, akauliza maswali yake, akasema kesho asubuhi mtoto akiwa vivi hivi yuko huru.

Jumatano, baharini

Akawa vivi hivi. Mama alimfunga mgongoni kwa kanga na kuzunguka naye sitaha nzima, na watu walimpisha njia wakitabasamu. Mhudumu wa chumba chetu, baba wa watoto watatu, alitukunjia taulo umbo la tembo na kumpungia mkono kwa mbali, kwa adabu ya kutomgusa.

Upepo wa kaskazini uliingia mchana na meli ikaanza kupiga magoti. Mimi na binti yangu tulilewa bahari mpaka usiku. Kitindamimba alilala fofofo.

Bili ya zahanati ilikuwa karibu dola 300, ikakatwa kwenye akaunti ya chumba. Zahanati za meli kwa kawaida hazipokei bima ya afya ya nyumbani. Unalipa, unachukua karatasi zote, unadai mwenyewe ukirudi. Upande huu bima yetu ya safari ilifaa. Nilichukua kila karatasi, hadi ya kipimo cha joto.

Alhamisi, ukungu

Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikitegemea taa za Galveston. Dirisha lilikuwa jeupe kama limebandikwa karatasi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mkondo wa bandari, na ukikaa hivyo marubani wa bandari husimamisha meli zote. Tulingoja nje hadi saa tano, honi ikilia kila baada ya muda mfupi. Kila ilipolia mtoto alijibu.

Nilikaa naye miguuni nikifikiria kama hii ingekuwa alfajiri ya Jumatatu. Mwenye homa ya 39.4, bandari iko mbele na huwezi kuifikia. Sisemi kwamba tulikosea kwenda. Daktari wawili walimwona na tulichosema kilikuwa kweli. Lakini nisingekwenda tena bila kuweza kushuka, na mwakani mtoto akiamka na homa Jumatano kama ile, mmoja wetu atabaki naye nchi kavu na wengine wataaga, hata Mama akikasirika.

Saa sita tulishuka. Ofisa wa uhamiaji alichukua cheti cha kuzaliwa, akamtazama mwenyewe aliyelala begani, akakirudisha.

Jumamosi, nyumbani

Daktari alimulika sikio jana: linapona, amalize siku zake kumi. Tumepata miadi ya posta Jumanne kuomba pasi, na wazazi wote wawili lazima tuwepo. Inatakiwa picha, mandhari nyeupe, macho wazi, pasiwe na mkono wa mtu mwingine ndani yake.

Mama ametandika shuka jeupe sakafuni sebuleni na kumlaza chali katikati. Nimesimama juu yao na simu. Kila ninapotaka kupiga, mtoto anageuza kichwa kumtafuta Bibi yake, na Mama, aliyepiga magoti nje ya picha, anasogeza uso wake kushoto, kisha kulia, mpaka macho yale yanyooke.